Kuponya udongo wa msitu ulioshindiliwa na mashine za magogo kwa kutumia matandazo

Magogo yakishatoka msituni, jeraha kubwa huwa haliko kwenye visiki. Liko kwenye njia za kuburuzia magogo, kwenye viwanja vya kuyapangia na kuyapakia, na kwenye barabara za muda za malori. Uvunaji ukipangwa ovyo, sehemu hizo huweza kumeza hadi robo ya eneo zima. Hapo udongo umeshindiliwa: matundu makubwa yanayopitisha hewa na maji yamezibwa, mvua inateleza juu juu, na miche inayojiotea inatambaza mizizi kando kwa kukosa pa kushukia. Ukiachwa hivyo, udongo wa mfinyanzi unaweza kukaa miaka 30 au zaidi bila kurudia hali yake, na tabaka la chini huchelewa kuliko la juu.

Matandazo ya mimea, yaani tabaka la vibanzi, matawi, nyasi au majani linalotandazwa juu ya udongo, hufupisha muda huo, ila ni lazima ueleweke vizuri mchango wake. Matandazo yenyewe hayalegezi udongo. Wanaoulegeza ni nyungunyungu, mchwa, mizizi na kuvu, wakisaidiwa na udongo kuvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka. Matandazo ni chakula na paa la wafanyakazi hao. Palipo na chakula na unyevu lakini tabaka gumu limeshuka hadi sentimita 40, wafanyakazi hawa watatengeneza sentimita chache za juu na kukwama. Na palipochimbuliwa kwa trekta bila kuwekwa matandazo, mvua kubwa za msimu mmoja au miwili huushusha udongo ukashikana tena. Kwa hiyo kazi nzima inategemea kitu kimoja: kujua tatizo limefika kina gani, kisha kuchagua kama matandazo yatatosha peke yake au yatangulizwe na kuchimbua.

Kupima kina cha tatizo

Usipime udongo ukiwa mkavu. Mfinyanzi mkavu ni mgumu hata pale ambapo hapajapita gurudumu. Subiri mvua iloweshe ardhi vizuri, kisha acha siku moja au mbili maji yajichuje.

Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa sentimita 80, ichongwe ncha na kuchomelewa mpini wa kushikia kwa mikono miwili. Weka alama kila sentimita 5. Isukume wima kwa nguvu ileile kila mara, bila kuipiga nyundo. Kila mita 10 za njia, pima mahali patatu: mkondo wa gurudumu la kushoto, wa kulia, na katikati. Kisha pima ndani ya msitu ambao haukuguswa, mita 15 hadi 20 pembeni, kwenye udongo wa aina ileile. Andika kina ambacho ugumu unaanza na kina ambacho nondo inaanza tena kushuka kwa urahisi. Ukigonga jiwe au mzizi mnene, sogea nusu mita urudie. Kama unacho kipimo maalumu cha ukinzani wa udongo, ujue kwamba mizizi mingi huanza kupunguza kasi kwenye megapaskali 2 (megapaskali ni kizio cha shinikizo), na ikikaribia 3 karibu yote husimama.

Kipimo cha pili ni uzito wa udongo kwa ujazo wake. Pata pete ya chuma yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 5. Ujazo wake ni sentimita 98 za ujazo. Ondoa majani ya juu, pigilia pete taratibu kwa kuwekea kipande cha ubao juu yake, ichimbue pamoja na udongo ulioizunguka, kata udongo usawa wa kingo zote mbili, kisha ukaushe kwenye joto la nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24. Gawa uzito mkavu kwa 98. Udongo wenye gramu 147 ukiwa mkavu utakuwa na 1.5, yaani gramu 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Namba hiyo haisemi kitu mpaka ujue aina ya udongo: 1.5 kwenye kichanga si tatizo, kwenye mfinyanzi ni ukuta. Kwa makadirio, mizizi huanza kuzuiwa vibaya kwenye 1.4 hadi 1.5 kwa mfinyanzi, 1.6 kwa tifutifu, na karibu 1.8 kwa kichanga. Udongo wa juu wa msitu wenye afya mara nyingi uko kati ya 0.8 na 1.1.

Cha tatu ni kasi ya udongo kunywa maji, na hiki ndicho kinachoonyesha maendeleo mapema kuliko vingine. Kata kipande cha bomba chenye kipenyo cha sentimita 15, kipigilie kiingie sentimita 7 au 8, mwaga mililita 440 za maji (sawa na kimo cha sentimita 2.5 ndani ya bomba) na uyaache yazame. Mwaga tena kiasi kilekile na sasa hesabu muda. Kwenye msitu mzima maji hutoweka ndani ya dakika chache. Kwenye njia ya magogo yanaweza kukaa saa nzima yakikutazama.

Baada ya hapo uamuzi unakuwa rahisi. Ugumu ukiishia sentimita 10 hadi 12, matandazo peke yake yanatosha. Ukifika sentimita 25 hivi, toboa mashimo kwa mkono kisha utandaze. Ukipita hapo, na hasa kwenye viwanja vya kupakilia, bila kuchimbua kwa mashine utangoja miaka mingi kwa faida ndogo. Kipande kimoja cha njia kinaweza kuwa na hali zote tatu, kwa hiyo weka vigingi vya rangi tofauti badala ya kutibu urefu wote kwa namna moja.

Funga njia, kisha toa maji

Mambo haya mawili hutangulia, na ndiyo yanayorukwa mara nyingi. Njia iliyotibiwa ni laini na tambarare, inavutia pikipiki, mikokoteni na mifugo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kushindilia hutokea katika mapito machache ya mwanzo, gari moja likipita mara tatu kwenye udongo uliolegezwa na kulowa linakurudisha ulikotoka. Ziba kila mlango wa njia kwa magogo mabovu yaliyolazwa mshazari, mawe makubwa, au mtaro wenye kina cha mita moja. Tibu kutoka ndani kurudi nje, ili toroli na trekta vinavyoleta matandazo visipite juu ya kazi iliyokwisha.

Kwenye mteremko, njia iliyoshindiliwa hugeuka mfereji. Ukitandaza bila kukata mwendo wa maji, mvua ya kwanza nzito itabeba kila kitu hadi bondeni. Jenga matuta ya kukinga maji yanayokatiza njia kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi kuelekea chini, kila moja likiwa na mfereji wa sentimita 30 upande wa juu na tuta la sentimita 30 lililopondwa vizuri upande wa chini. Mdomo wa kutolea maji uwe wazi na umwage kwenye sakafu ya msitu yenye majani, kamwe usimwage kwenye kijito. Umbali kati ya tuta na tuta hutegemea mteremko: kwenye asilimia 5 (njia ikishuka mita 5 kwa kila mita 100) acha mita 40, kwenye asilimia 10, mita 25, asilimia 15, mita 18, asilimia 20, mita 14, na kwenye asilimia 30, mita 10 au 11. Udongo ukiwa wa mchanga mwembamba unaomomonyoka haraka, karibisha zaidi.

Kuchimbua, pale inapobidi

Kuchimbua udongo mbichi ni hasara kuliko kutochimbua kabisa. Jino la chuma likipita kwenye mfinyanzi uliolowa hukata mfereji na kuzilainisha kuta zake zikang'aa, huku udongo wa pembeni ukibanwa zaidi. Chukua udongo kutoka kina ambacho jino litafika, uviringishe kati ya viganja uwe uzi wa milimita 3. Uzi ukikubali bila kukatika, ahirisha. Unataka udongo unaovunjikavunjika kabla ya kufikia wembamba huo. Mara nyingi hii humaanisha mwisho wa kiangazi.

Tumia jembe la meno marefu, ikiwezekana meno yenye mabawa, kwa kuwa bawa huinua na kuvunja udongo wa pande zote wakati jino jembamba huacha ufa tu. Jino lishuke sentimita 5 chini ya mwisho wa tabaka gumu, kwa kawaida sentimita 45 hadi 60. Nafasi kati ya mstari na mstari ilingane na kina au izidi kidogo. Endesha polepole, kilomita 3 kwa saa inatosha, na baada ya mita chache simama, chimba shimo la kukatiza mistari, uone kama udongo umevunjika hadi katikati. Fuata kontua, yaani mstari unaokatiza mteremko ukibaki kwenye usawa uleule. Mstari wa jino unaoshuka na mteremko utakuwa korongo. Kwenye mteremko unaozidi asilimia 30 usipeleke mashine.

Miti iliyosalia kando ya njia ina mizizi chini ya njia hiyo, na mingi iko hai. Ndani ya eneo la kivuli cha matawi yake usichimbue kwa jino. Hapo ndipo pa mashimo ya mkono: kwa mtaimbo au keekee ya udongo, toboa mashimo ya kipenyo cha sentimita 8 na kina cha sentimita 40, yaachane sentimita 60 kwa mpangilio wa pembetatu. Kila shimo hula lita 2 za mchanganyiko wa mboji na vibanzi vya miti nusu kwa nusu. Kwenye mfinyanzi, kwaruza kuta za shimo kwa waya au tawi lenye ncha kabla ya kujaza, maana mtaimbo hulainisha ukuta na mzizi ukifika hapo unazunguka ndani ya shimo kama uko kwenye chungu. Ukigonga mzizi mnene kuliko kidole gumba, hamisha shimo.

Udongo uliochimbuliwa uko uchi na umelegea, kwa hiyo ni mwepesi kumomonyoka. Utandaze wiki hiyohiyo.

Kuchagua matandazo

Nyenzo bora ni ile iliyopo hapohapo: matawi, vilele na majani yaliyobaki baada ya uvunaji. Haina gharama ya kusafirisha, na muhimu zaidi, haileti magonjwa ya miti, wadudu watoboao mbao wala mbegu za magugu kutoka mahali pengine. Kuhamisha vibanzi vya miti iliyokufa kwa ugonjwa kutoka msitu mmoja hadi mwingine ni njia ya uhakika ya kueneza ugonjwa huo. Ila kuna mpaka ambao haufai kuvukwa: usikwangue majani ya sakafu ya msitu uliobaki ili kufunika njia. Hayo ni matandazo ya msitu huo, na kuyaondoa ni kuziba tundu hapa kwa kutoboa kule.

Matawi membamba, yenye unene usiozidi sentimita 7, yanafaa kuliko shina. Sehemu kubwa ya virutubisho vya mti iko kwenye gome, vijiti na majani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Laval huko Quebec, Kanada, walioeneza matumizi ya vibanzi vya matawi kutibu udongo, walishikilia kipimo hichohicho cha sentimita 7. Saga vipande viwe vya sentimita 2 hadi 5. Vidogo kuliko hapo hushikana na kukosa hewa; vikubwa vinaacha nafasi ambazo matone ya mvua yanapenya yakipiga udongo. Kama huna mashine ya kusaga, panga linatosha: kata matawi urefu wa sentimita 30 hadi 50, yalaze yakatize mteremko, na uyakanyage mpaka yaguse ardhi. Tawi linaloelea hewani halioi, halikingi udongo, na likikauka ni kuni za moto wa msitu.

Nyasi kavu na mabua ya nafaka hufunika haraka na ni mepesi kubeba, ila huoza ndani ya mwaka mmoja na mara nyingi huja na mbegu. Chagua yaliyovunwa kabla ya mbegu kukomaa, au mabua yaliyopurwa safi. Majani makavu ya miti huliwa vizuri na nyungunyungu lakini hupeperuka. Yatahitaji kulaliwa na matawi juu. Vibanzi vya miti hudumu miaka 2 hadi 4 kutegemea joto na unyevu.

Vumbi la mbao ndilo linalopatikana kwa wingi karibu na viwanda vya mbao na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Likiwekwa nene hujenga gamba linalokataa maji likikauka, na likilowa hunyima udongo hewa. Tumia sentimita 2 au 3 tu, likiwa limechanganywa na kitu chenye chembe kubwa. Usilitumie kabisa kama limetoka kwenye mbao zilizowekwa dawa au mbao za gundi. Dawa za zamani za mbao zilikuwa na shaba, kromiamu na aseniki, na hizo hazitoki udongoni zikishaingia. Majani na magome ya mikaratusi, pamoja na sehemu zote za mti wa walnati mweusi, yana kemikali zinazozuia mimea mingine kuota. Yavundike miezi 6 kwanza, au yatumie pale tu ambapo hutarajii mbegu kuota mwaka huo.

Harufu inakuambia mengi. Vibanzi vilivyorundikwa kwa kimo kikubwa vikalowa huchacha kwa kukosa hewa na kutoa harufu ya siki au mayai yaliyooza. Vikitandazwa hivyo vinaunguza miche michanga. Vianike kwa unene mdogo siku kadhaa mpaka vinuke kama udongo wa msituni. Rundo lisizidi mita 2 kwa kimo, na likae angalau mita 30 kutoka kwenye mkondo wa maji, kwa sababu maji ya kahawia yanayotoka ndani yake hula oksijeni ya kijito.

Suala la naitrojeni

Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji naitrojeni. Nyenzo ikiwa na kaboni zaidi ya mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, vijidudu huchota kilichopungua kutoka kwenye udongo na mimea hubaki na njaa, majani yakigeuka rangi ya njano kuanzia yale ya chini. Majani mabichi ya mimea jamii ya kunde yana uwiano wa 15 hadi 25, samadi iliyoiva uko hapohapo, majani makavu 40 hadi 80, mabua ya nafaka karibu 80, vibanzi vya shina na vumbi la mbao mara mamia.

Watu huogopa namba hizi kuliko inavyostahili. Matandazo yanapokaa juu, uchotaji huo hutokea kwenye sentimita moja au mbili za juu, na mizizi iliyo chini haiguswi sana. Balaa huja pale vibanzi vinapolimiwa ndani ya udongo. Kwa hiyo usivichanganye; viache juu. Kinachowekwa ndani ya mashimo au mistari ya jino kiwe na mboji ya kutosha. Juu, njia nzuri ni matabaka mawili: kwanza sentimita 2 au 3 za majani, mboji au samadi iliyoiva, kisha sentimita 5 za vibanzi. Kama huna kitu laini cha kutosha, changanya samadi sehemu moja kwa vibanzi sehemu tatu kwa ujazo, na mchanganyiko huo uweke karibu na miche tu. Kumwaga mbolea ya chumvichumvi njia nzima hakufai: unalisha magugu ya haraka, ambayo yatafunika miti unayoingoja.

Kiasi, na jinsi ya kutandaza

Unene unaotafutwa baada ya matandazo kutulia ni sentimita 5 hadi 8. Vibanzi weka sentimita 7 au 8 tangu mwanzo, kwa kuwa hushuka kidogo. Nyasi, mabua na majani weka sentimita 12 hadi 15, yatashuka nusu. Usizidishe 10 za vibanzi. Kuanzia hapo mvua ndogo huishia ndani ya matandazo, hewa inapungua, na mbegu za miti ya asili hazifiki juani.

Piga hesabu kabla ya kuanza. Njia ya mita 100 yenye upana wa mita 4 ni mita za mraba 400. Kwa sentimita 8 inahitaji mita za ujazo 32. Hizo ni toroli 400 za lita 80, na vibanzi vibichi vya kiasi hicho vina uzito wa tani 8 hadi 11. Wengi huishia njiani kwa kutojua hili mapema, wakiwa wametandaza vizuri mita 40 za mwanzo na kunyunyizia zilizobaki. Nyenzo zikiwa chache, tibu kikamilifu mikondo miwili ya magurudumu na miteremko, katikati paache pasubiri. Na kama lengo la mwaka wa kwanza ni kuzuia mmomonyoko tu, mabua ya gramu 200 kwa kila mita ya mraba (tani 2 kwa hekta) yakisambazwa vizuri hufunika karibu asilimia 70 ya ardhi, na hapo upotevu wa udongo hushuka sana. Kwa njia ileile ya mfano ni kilo 80 tu. Kulisha udongo kutasubiri awamu ya pili.

Tandaza juu ya udongo uliolowa hadi sentimita 20, yaani baada ya mvua chache za mwanzo wa msimu. Matandazo mazito juu ya ardhi kavu huizuia kulowa. Penye baridi kali, tandaza majira yanayotangulia baridi, kabla ardhi haijaganda, na kumbuka kwamba tabaka nene huchelewesha udongo kupata joto baridi ikishaisha. Hapo sentimita 5 zinatosha.

Kabla ya kumwaga, kwaruza uso wa udongo kwa reki ya chuma au sururu, sentimita 3 hadi 5 tu, hata pale usipochimbua. Uso wa njia huwa na gamba laini ambalo matandazo huteleza juu yake. Kisha sambaza kuanzia juu ya mteremko kwenda chini, sawazisha kwa reki, na kila mita 5 laza gogo jembamba au fito kwa kufuata kontua, likigusa ardhi urefu wake wote, ili lishikilie. Penye upepo, tandika matawi yenye majani juu ya nyasi. Midomo ya matuta ya maji iache wazi. Mabua yakiziba mdomo, maji yatavunja tuta.

Udongo wa uwanja wa kupakilia wenye madoa ya dizeli au oili usiufunike. Uchimbe uondolewe kwanza. Na kama uwanja una rundo la magome la nusu mita, huo si utandazaji wa bure: ling'oe, bakisha sentimita 8, lililobaki peleka kwenye njia.

Kuweka mizizi kazini

Mizizi hufika ambako nyungunyungu hachimbi, kwa hiyo panda msimu uleule. Sogeza matandazo, chimba shimo lifike kwenye udongo wenyewe, panda, kisha rudisha matandazo ukiacha duara tupu la sentimita 10 kuzunguka shina. Shina likifukiwa huoza shingoni, na panya hupata kificho cha kuguguna gome. Kosa jingine la kawaida ni kupanda mche ndani ya vibanzi vyenyewe. Mizizi hukauka wiki ya kwanza ya jua.

Chagua miti ya asili inayoanza ardhi ngumu na kujitengenezea naitrojeni. Jamii ya alda (Alnus) inavumilia udongo mzito uliokosa hewa na imetumika Ulaya kwenye njia za magogo kwa sababu hiyo. Kwenye nchi za joto, mbaazi iliyopandwa katikati ya miche husaidia kutoboa tabaka gumu kwa mzizi wake mkuu, kisha hukatwa na kuwa matandazo. Epuka lusina na mingine inayojieneza. Utatibu udongo na kupoteza msitu.

Acha pia madirisha: kila mita 3 au 4, kiraka cha sentimita 50 chenye matandazo membamba, mbegu zinazoletwa na ndege na upepo zipate pa kuota.

Yanayokwenda vibaya

Maji yakisimama chini ya matandazo siku mbili baada ya mvua, tabaka gumu bado lipo chini na mahali ni bonde. Ondoa matandazo kwa muda, toboa mashimo au toa mfereji, usiongeze nyenzo. Uso wa vibanzi ukiwa mkavu na kukataa maji, umefungwa na utando wa kuvu. Upasue kwa reki, kuvu yenyewe haina ubaya.

Mchwa wakija, waache. Mashimo yao ni mabomba ya maji na hewa, na kwenye ardhi kavu wao ndio wachimbaji wakuu. Wanashambulia miche iliyodhoofika kwa ukame zaidi ya yenye nguvu. Kilicho muhimu ni kuwaachia chakula kingine cha kutosha na kutogusisha vibanzi na shina. Ukipulizia dawa ya wadudu, umewafukuza uliowaandalia chakula.

Moto ni hatari ya kweli. Acha ukanda wa mita 3 usio na matandazo makavu pale njia inapokutana na barabara, na kwenye njia ndefu kata ukanda kama huo kila mita 50 hivi, uufunike kwa mimea mibichi inayotambaa.

Kufuatilia

Rudia vipimo vilevile, kwenye vigingi vilevile, udongo ukiwa na unyevu uleule, baada ya miezi 6, 12 na 24. Kitakachobadilika kwanza ni muda wa maji kuzama, kisha sentimita 5 za juu kwenye pete. Nondo huchelewa, usitarajie tofauti kubwa chini ya sentimita 20 katika mwaka wa kwanza bila kuchimbua. Inua matandazo uangalie: nyuzi nyeupe za kuvu, kinyesi cha nyungunyungu chenye umbo la vidonge vidogo, na vijizizi vyembamba vilivyopanda ndani ya tabaka la chini la matandazo vinaonyesha kazi inakwenda. Matandazo yakiwa vilevile baada ya mwaka, makavu na yasiyoguswa, udongo hauna unyevu wala viumbe vya kutosha. Mwagia ndoo moja ya udongo wa juu kutoka msitu mzima kwa kila mita za mraba 10, chini ya matandazo, mwanzoni mwa mvua.

Ongeza tabaka jipya pale tu unene unaposhuka chini ya sentimita 3 na bado majani yanayoanguka kutoka kwenye miti midogo hayajaanza kufunika ardhi. Miti ikishaangusha majani ya kutosha kufunika zaidi ya asilimia 70 ya njia kwa mwaka, acha kuleta nyenzo, na kagua matuta ya maji peke yake kila mwanzo wa mvua.